Fundi na Gauni la Kwenye Bango

Fundi, mama aliyetushonea nguo, hakuwa msomaji, lakini ukimwekea gazeti mbele yake alilipitia lote, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anatafuta picha za watu. Mawaziri na wachezaji mpira aliwapita bila kusimama. Alipofika kwenye tangazo la dawa ya kupunguza mwili, lile la mama mnene kushoto na mama mwembamba kulia, alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la leso, akaivaa tena. Hapo sisi wateja tuliokaa kwenye benchi tulijua tutachelewa kufika nyumbani.

"Wachana na uso," alituambia. "Huyu wa kushoto amenuna kwa sababu ameambiwa anune. Angalia nguo."

Tuliangalia, na kila mara tulikuta mambo. Mama wa kushoto amefunga mshipi chini ya tumbo, na hakuna mwanamke anayefunga mshipi hapo labda kama ameombwa. Amesimama upande upande, tumbo mbele. Wa kulia mabega yamempanda karibu na masikio, kwa hiyo amevuta pumzi na anangoja mpiga picha amalize. Kitambaa cha mbele kimelala vizuri mno, maana yake mgongoni kuna pini. Fundi aliweka kidole chake chenye kovu la sindano juu ya kiuno cha yule mama na kusema hiyo nguo haijapunguzwa, imebanwa tu, na pini zikitolewa kila kitu kitarudi mahali pake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu sasa, na sipendi kumpamba mtu kwa sababu tu amekufa. Fundi alikuwa na domo. Alikuwa mkaidi, aligombana na wanakwaya wenzake kanisani juu ya urefu wa majoho, na ukichelewa kuja kuchukua nguo yako alimwambia kila mtu kwamba umenenepa ndio maana unajificha. Lakini miaka yote ile niliyomfahamu, pale kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Nyeri, sijaona mtu mwingine aliyejua kulinyang'anya tangazo nguo zake namna ile.

Siku moja tuliandamana naye hadi Karatina, siku ya soko. Alikuwa anatafuta vitambaa vya bei nafuu, mimi nikitafuta viazi. Karibu na malori ya kabichi alisimama mwanamume mwenye kipaza sauti na koti jeupe, anauza chai ya majani ya kukondesha. Alijiita daktari. Wanawake walikuwa wamemzunguka, wengine na mizigo bado mgongoni. Fundi aliniachia kikapu chake, akapenya mpaka mbele, akashika koti la yule mtu kwenye pindo na kulipindua. Akamuuliza nani alimshonea. Yule mtu akasema limetoka Nairobi.

"Hii ni koti ya bucha," Fundi alimwambia, bila kupandisha sauti. "Koti ya daktari iko na mfuko hapa kifuani ya kuweka kalamu. Na hapa kando imepasuliwa, ndio mkono ifike kwa mfuko ya suruali. Hii haina. Mtu wa bucha hataki mfuko, damu inaingia. Mimi nimeshonea bucha za hapa Karatina koti kama hii, nazijua."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Yule mtu alisema madaktari wa siku hizi wanavaa wapendavyo. Fundi akahamia kwenye mizani. Alikuwa amegundua kwamba wateja wapya wanapimwa juu ya sakafu ya saruji mbele ya duka, na wale waliorudi kutoa ushuhuda wanapimwa pale kwenye nyasi, ambako mizani inazama kidogo na kusoma pungufu. Akamwomba airudishe kwenye saruji ili ampime mama mmoja aliyekuwa anatoa ushuhuda. Yule mtu hakutaka. Mama wa ushuhuda naye akakumbuka kwamba ana haraka.

Sasa hapa ndipo nilipotegemea afurahi. Wapi. Tulipokuwa tunaondoka wanawake wawili waliokuwa wameshika mbavu kwa kicheko walikuwa wananunua ile chai, na Fundi aliwaona. Njiani nilimwambia jambo kuhusu viazi. Nilipomtazama, nilikuta machozi yamemjaa, na nilidhani ni hasira.

Kazi yake aliifanya kwa karatasi. Hakuandika vipimo vya mtu. Alikata ukanda mrefu wa karatasi ya kaki, akauzungusha kifuani mwako, akatoboa kwa mkasi mahali pa kifua, mahali pa kiuno, mahali pa nyonga, halafu akauning'iniza kwenye msumari pamoja na wengine. Kila mteja alikuwa na ukanda wake na Fundi aliujua kwa kuupapasa tu. Wanawake waliomeza vidonge vya kukonda walikuja mbio baada ya siku tano wakitaka magauni yapunguzwe. Fundi aliwavisha ukanda, akakiri kwamba kweli umelegea, halafu akakataa kukata kitambaa. Aliwaambia warudi baada ya mwezi. "Hiyo ni maji imetoka," alisema. "Umeenda choo mara ngapi? Mafuta iko pale pale, inakungoja." Wengi walirudi baada ya mwezi na ukanda ukawakaa sawasawa kama mwanzo, na hao ndio waliobahatika. Wengine walirudi na mikono inayotetemeka. Kwa ajili ya hao Fundi alifunga kibanda, akawashika mkono mpaka hospitali mwenyewe, akakaa nao kwenye foleni.

Mwenyewe alikuwa mnene na hakuona haya. Alipenda nyama ya mbavu yenye mafuta, na mchuzi akiumalizia kwa kiazi. Alikuwa wa kizazi kile ambacho mtu akikwambia umenona alikuwa anakusifu, na wakati wa Uhuru, alisema, hakuna mwanamke aliyetaka kuonekana mifupa, maana mifupa tulitoka nayo kwenye kambi za mkoloni. Baadaye zikaja ofisi, zikaja sketi fupi, zikaja redio na matangazo yake, na watoto wa wanawake wale wale wakaanza kuonea haya kile mama zao walichokitafuta kwa jasho.

Lakini alikuwa mwongo pia, lazima niseme. Akikupima kiuno alitaja inchi mbili pungufu kwa sauti, ili wa kwenye benchi wasikie, halafu akakata kwa kipimo cha kweli. Nilimwambia, Mama, wewe unawatukana wauza vidonge na wewe unadanganya watu mchana. Akasema yeye ni fundi, si hakimu, na uwongo wake hauingii kwenye damu ya mtu.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyaelewa. Kwanza, mafundi wote wa pale walibandika ukutani picha za mitindo zilizokatwa kwenye majarida. Ukuta wa Fundi ulikuwa mtupu. Pili, hakushona kitambaa cha kijani. Ukimletea, alikupeleka kwa jirani yake, na ukimuuliza alisema kijani kinamuumiza macho. Tatu, kila mwezi wa kumi, bila kukosa, alipanda kilima hadi nyumbani kwa mama yangu akiwa na nguo mpya aliyomshonea, na hakukubali hata kikombe cha pili cha chai. Mama alimpenda sana. Alikuwa akisema Fundi ndiye mtu pekee nje ya ukoo wetu anayemkumbuka Wangeci.

Wangeci alikuwa dada yangu mkubwa. Haya yote niliyoyasimulia, Karatina na mizani na gazeti, yalitokea baada ya kifo chake. Kabla yake Fundi hakuwa na habari na matangazo ya dawa yoyote.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Wangeci alifanya kazi kwenye hoteli moja Nanyuki, mapokezi, na aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alikuwa na sauti ya kupendeza kwenye simu na alikumbuka jina la kila mgeni. Kisha hoteli ikabadilisha meneja, na meneja akabadilisha sare. Zikaja kutoka kiwandani, za saizi moja au mbili tu, na ikasemwa wazi kwamba msichana ambaye sare haimwingii atahamishiwa kwenye dobi. Ya Wangeci haikufunga zipu. Alipewa muda hadi wageni wa mwisho wa mwaka.

Alifanya kile ambacho yeyote wetu angefanya. Alipanda gari akaja Nyeri kwa Fundi, nami nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, nikamsindikiza. Fundi alifungua mshono wa kando, akaingiza kidole, na akatikisa kichwa. Fundi wa kwetu huacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, maana anajua utazaa, utanenepa, utarithisha. Kiwanda hakiachi kitu. Hakukuwa na hata nusu inchi ya kupanua.

Hapo Wangeci akaanza kuzungumza juu ya bango. Lilikuwa kila mahali siku hizo, Nyeri, Karatina, Nanyuki, limebandikwa kwenye maduka ya dawa na kwenye nguzo. Vidonge vya sanduku la buluu. Mama mnene mwenye gauni la kijani, na kando yake yeye yule amekonda, na gauni lile lile la kijani limeshonwa upya likamkaa. Chini yake iliandikwa kwamba ni mama wa huku huku milimani. Dada yangu hakuwa mjinga. Matangazo ya Nairobi hakuyaamini. Lakini gauni lile alilitambua. Ile kola iliyokunjwa mara mbili, na ile mikunjo mitatu midogo kwenye nyonga, hakuna aliyekuwa akishona hivyo isipokuwa Fundi wetu. Na ikiwa Fundi ndiye aliyemshonea, basi mama yule ni mtu, ana nyumba, amekaa kwenye benchi hili hili, na amepungua kweli. Ndivyo alivyofikiri. Mtu wa Mombasa asingekosea hivyo. Ilitakiwa uwe umevaa nguo za mkono wa Fundi tangu utotoni ndipo ukosee hivyo.

"Mama, ile gauni ya bango ni yako, si ndiyo?" alimuuliza.

Benchi lilikuwa limejaa. Wawili kati ya wale waliokaa walikuwa wamekuja kwa sababu ya lile bango, wakitaka kola kama ile. Fundi alikuwa anakunja sare ya dada yangu.

"Gauni ni yangu," alisema.

Ni hivyo tu. Wangeci alitabasamu, na nakumbuka alivyotabasamu, kwa sababu alikuwa ameingia pale na uso wa mtu aliyefukuzwa. Alichukua sare yake, akamshukuru Fundi kwa mikono miwili, akakimbilia gari la Nanyuki.

Alimeza vidonge vile kwa miezi miwili. Zipu ilifunga. Alituandikia barua kutuambia zipu imefunga, na kwamba hapati usingizi lakini ni sawa, ana kazi nyingi. Barua nyingine ilisema moyo unamwenda mbio akipanda ngazi. Kisha, mwezi wa kumi, akaanguka nyuma ya meza ya mapokezi, asubuhi, akiwa na simu mkononi. Alifikishwa hospitali akiwa tayari amekata roho. Tuliambiwa ni moyo. Baba aliuliza kuhusu vidonge, akaulizwa ni vidonge gani, na kwenye lile sanduku hapakuwa na jina la kitu chochote kilichomo ndani yake, ila maneno kwamba ni ya asili na hayana madhara. Baada ya muda mabango yakaondolewa, yakaja mengine, sanduku jekundu. Hakuna aliyeshtakiwa. Hadi leo nikimwona mwanamke mnene amevaa vizuri njiani, nafurahi kwa sekunde moja halafu natamani kulia.

Fundi alikuja kwenye mazishi na kusimama mbali, upande wa migomba. Miezi mitatu baadaye alianza kununua magazeti.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa haoni tena sindano. Sukari ilikuwa imemchukua macho, na alikuwa amehamia kwa binti yake, mtaa wa Skuta. Nilienda Jumapili baada ya kanisa, nikiwa nimembebea ndizi mbivu mbili na sabuni. Binti yake alituletea chai, akatoka kwenda kuanua nguo. Fundi alikuwa amekaa karibu na dirisha, amepungua sana. Nilimwambia anapendeza, kwa mazoea tu, na akacheka kicheko kidogo, akasema hata yeye sasa angeweza kuwekwa upande wa kulia.

Kisha akaniambia nisogeze kiti.

Aliniambia yale magauni yalikuwa mawili. Mpiga picha wa mjini alimletea kitambaa cha kijani na wanawake wawili, ndugu, wanaofanana uso, mmoja mnene na mwenzake mwembamba. Alitaka magauni mawili ya mtindo mmoja. Fundi hakuuliza ni ya nini. Alidhani ni ya harusi. Bango lilipotoka alielewa siku hiyo hiyo, lakini bango lilikuwa zuri. Kazi yake ilikuwa imebandikwa miji yote ya mlimani, na watu walikuwa wanakuja. Alisema alijivuna. Alilisema hilo neno mara mbili.

"Alipouliza, nilijua anauliza nini," aliniambia. "Hakuuliza gauni. Na mimi nikamjibu gauni. Watu walikuwa kwa benchi, nikaona haya kusema nimeshonea mwongo. Mwalimu, neno moja tu, na mtoto wa mama yako angekuwa hapa leo na wajukuu. Nimekaa na hiyo kitu. Nimewaambia watu wengi wasinunue, wengi sana, na hakuna siku hata moja ilipungua."

Akanyoosha mkono akitafuta wangu, akaupata.

"Nilitaka kumwambia mama yako kila mwaka. Nikifika pale namwona anafurahia nguo, nanyamaza tena. Na hakuna mwingine angesema. Ndani ya ile duka ni mimi peke yangu nilijua."

Chai yangu ilikuwa imepoa. Niseme sasa kile ambacho sikumwambia mtu yeyote, wala mume wangu. Wiki chache kabla ya bango kutoka nilikuwa nimepita kwa Fundi kuchukua sketi yangu ya chuo. Alikuwa ametoka kununua uzi. Nyuma ya pazia nilikuta magauni mawili ya kijani yametundikwa pamoja, moja pana, jingine jembamba, mapya yote mawili, nyuzi za kushikizia hazijatolewa. Niliyashika. Siku Wangeci alipouliza, nilikuwa nimesimama kando yake, bega kwa bega, na nilijua. Nilimsikia Fundi akijibu nusu, nikamtazama, nikaona ameangalia chini. Lakini yeye alikuwa mtu mzima na mimi kisichana cha chuo, na kwetu humkosoi mama wa watu mbele ya wateja wake. Nikasema nitamwambia dada tukiwa nje. Nje akakimbilia gari. Nikasema nitamwandikia. Nilimwandikia barua tatu katika miezi ile miwili, juu ya mitihani, juu ya chakula kibaya cha chuo, juu ya kijana mmoja aliyenipenda.

Fundi alikuwa anangoja. Macho yake yaliyokufa yalikuwa yameelekezwa karibu na uso wangu, si penyewe hasa.

"Unaweza kunisamehe?" aliuliza.

Nikamwambia nimemsamehe. Nilisema kwa sauti ileile niliyoitumia darasani, sauti ya mtu asiye na kosa. Fundi alilia, akanishika mkono kwa viganja vyote viwili na kunishukuru, akaniambia mimi ni mtoto mwema na mama yangu alinilea vizuri. Binti yake akarudi na nguo kavu, akafurahi kumwona mama yake amechangamka. Nilimaliza chai yangu baridi, nikaaga.

Alizikwa kabla ya mvua ndefu. Aliondoka duniani akiamini kwamba siku ile alinyamaza peke yake, na mimi ndiye niliyemwacha aamini hivyo.